Redio ya pikipiki inapozima, inapovuma au inapomaliza betri: kufuata dalili hadi kwenye chanzo

Redio nyingi za pikipiki zinazoletwa kwangu zikisemwa kwamba zimekufa ni nzima. Kilichoharibika ni njia ya umeme, yaani mahali ulipochukuliwa, waya uliopita, au hasi iliyofungwa kwenye bolti yenye rangi. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na dalili anayoiona au kuisikia mwenye chombo, kisha unarudi nyuma hadi kwenye chanzo, na unamsihi fundi asinunue kitu chochote kabla hajapima. Pikipiki ninazozizungumzia ni zile ndogo za cc 100 hadi 150 zinazofanya kazi ya bodaboda, ambazo siku hizi hubeba redio yenye spika mbili, chaja ya simu, taa za LED za ziada, na mara nyingi pia kifaa cha kufuatilia chombo kilichofungwa na mkopeshaji.

Vipimo vya mwanzo, kabla ya kugusa redio

Tafuta mita ya umeme, hata ile ya bei ndogo, na uiweke upande wa volti za DC. Pima betri ikiwa imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa. Betri ya risasi iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.8, ikisoma 12.0 imebakiwa na chaji kidogo sana, na redio iliyofungwa juu yake haiwezi kulaumiwa kwa lolote. Kisha washa injini, piga resi ya wastani, na upime tena kwenye vichwa vya betri. Kipimo kinapaswa kupanda hadi kati ya volti 13.8 na 14.5. Kisipovuka 13, betri haichajiwi, na tatizo liko kwenye koili za magneto (kizalisha umeme kinachozungushwa na injini), kwenye rektifaya (kile kiboksi cha aluminiamu chenye mapezi), au kwenye soketi inayoviunganisha viwili hivyo. Kikivuka 15, rektifaya imeshindwa kuzuia umeme unaozidi, na hapo zima injini mara moja, kwa kuwa kila kifaa ulichofunga kinaungua polepole na maji ya betri yanakauka.

Kipimo cha tatu ndicho mafundi wengi hawakifanyi, nacho ndicho kinachonipa majibu mara nyingi kuliko vingine. Muziki ukiwa unapigwa kwa sauti ya kawaida, weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, na ncha ya pili kwenye waya mweusi wa redio, pale pale unapoingia kwenye redio. Watu hudhani kwamba hasi kwa hasi ni lazima isome sifuri. Ikisoma chini ya volti 0.2, njia ya hasi ni nzuri. Ikisoma volti 1 au zaidi, umeme unapotea njiani wakati wa kurudi, na utaendelea kupotea hata ukinunua redio tatu mpya. Fanya hivyo hivyo upande wa chanya, kuanzia kichwa cha chanya cha betri hadi waya wa chanya wa redio, ambako upotevu wa hadi nusu volti unavumilika.

Redio inazima ukipiga honi au ukikanyaga breki

Honi na taa ya breki huvuta umeme kwa ghafla. Kama redio imeungwa kwenye waya uleule unaolisha honi, volti za waya huo hushuka kwa kitambo kidogo, na redio huzima kisha kujiwasha upya. Hesabu yake ni nyepesi. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 0.5 una ukinzani wa takriban omu 0.034 kwa kila mita. Ukiwa na mita moja na nusu ya kwenda na nyingine ya kurudi, unapata omu 0.1, na mkondo wa ampea 5 utapoteza nusu volti kwenye waya peke yake, kabla ya kuhesabu swichi ya funguo iliyochakaa na maungio yaliyosokotwa kwa vidole. Nunua waya wa milimita mraba 1.5 kwa ajili ya njia kuu. Tofauti ya bei ni ndogo.

Tiba ya kudumu ni rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Zile za magari zenye miguu minne hutumika kwenye pikipiki bila shida, na namba zake zimepigwa chini ya kila mguu. Mguu wa 30 unapokea chanya moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi. Mguu wa 87 unapeleka umeme kwenye redio na vifaa vingine. Mguu wa 86 unaungwa kwenye waya wowote wenye umeme wa betri unaopatikana funguo ikiwashwa, na wa 85 unakwenda hasi. Koili ya rilei huvuta sehemu ndogo tu ya ampea moja, kwa hiyo swichi ya funguo haibebeshwi mzigo tena, wala redio haigombanii umeme na honi.

Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi kiganja kimoja kutoka kwenye kichwa cha chanya. Nimekuta fyuzi nyingi zimefungwa mbele, nyuma ya taa kubwa, kwa hoja kwamba zinalinda redio. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya. Waya wote unaotangulia fyuzi, ukipita chini ya tangi la petroli, hauna ulinzi wowote siku utakapochunika.

Redio inazima ukikata kona

Dalili hii ina anwani moja: shingo ya usukani. Kijana mmoja wa bodaboda aliniletea pikipiki ambayo redio yake ilizima kila alipokata kushoto, na alikuwa tayari ameshabadilisha redio mara mbili. Tulipoinua tangi, tuliona waya mwekundu umebanwa kati ya fremu na kizuizi cha usukani. Mpira wake ulikuwa umesagika sehemu yenye urefu wa punje ya mchele, na ndani yake shaba iling'aa kama mpya kwa sababu ilikuwa ikisuguliwa kila siku. Usukani ukiwa katikati haukugusa chochote. Ukigeuzwa kushoto, shaba ililala juu ya chuma. Fyuzi yake haikukatika kwa sababu fundi aliyetangulia alikuwa ameizungushia karatasi ya sigara ya fedha. Kama si muungano wake kuwa mbovu, waya huo ungewaka moto chini ya tangi.

Waya unaovuka shingo ya usukani upite ndani ya bomba la plastiki, uandamane na waya za kiwandani, na uachiwe ulegevu wa kutosha kiasi kwamba usukani ukizungushwa hadi mwisho wa pande zote mbili hakuna kinachovutika. Usifungwe na kifungio cha plastiki mahali penyewe panapojikunja, kwa sababu ndipo nyuzi za shaba hukatika mmoja mmoja ndani ya mpira ambao kwa nje unaonekana mzima.

Kama fyuzi inakatika na hujui waya umegusa wapi, usiendelee kuteketeza fyuzi. Chukua balbu ya indiketa ya volti 12, iunganishe kwa waya mbili, na uiweke mahali pa fyuzi. Shoti ikiwepo, balbu itawaka kwa nguvu zake zote na hakuna kitakachoungua, kwa kuwa balbu yenyewe inazuia mkondo usizidi. Sasa tikisa waya taratibu, sehemu baada ya sehemu, geuza usukani, nyanyua siti. Mahali utakaposhika na balbu ikafifia au kuzima ndipo penye tatizo.

Redio inavuma, na mvumo unapanda kadiri unavyopiga resi

Hapa sababu ni zaidi ya moja, na kila moja ina sauti yake, kwa hiyo inafaa kusikiliza kwa makini kabla ya kufungua kitu.

Ukisikia mvumo mzito, unaokoroma kama transfoma na kubadilika pamoja na mwendo wa injini, jiulize kwanza umeme wa redio umetoka wapi. Katika pikipiki nyingi ndogo taa kubwa hailishwi na betri. Inalishwa moja kwa moja na magneto kwa umeme geu, ule ambao mita huuandika AC, na ndiyo maana taa hiyo haiwaki mpaka injini ingurume, kisha hung'aa zaidi ukipiga resi. Fundi anayetafuta chanya iliyo karibu na usukani hukuta waya wa taa kubwa, akaugusa kwa balbu ya kupimia, balbu ikawaka, naye akaridhika. Balbu huwaka kwa umeme wa aina yoyote. Redio haivumilii umeme geu, na hata isipoungua siku hiyohiyo, itakoroma hadi itakapoungua. Kupima ni rahisi: injini ikinguruma, soma waya huo kwa upande wa DC, kisha kwa upande wa AC. Ikiwa DC inaonyesha karibu na sifuri na AC inaonyesha volti 12 au 13, uache waya huo na taa yake, ukatafute umeme wa betri. Kwa sababu hiyohiyo, waya wa mguu wa 86 wa rilei nao usichukuliwe hapo.

Ukisikia mluzi mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na resi, tafuta hasi mbili. Kosa la kawaida ni kufunga hasi ya redio kwenye fremu karibu na usukani, na hasi ya amplifaya kwenye fremu chini ya siti. Kati ya sehemu hizo mbili pana tofauti ndogo ya volti inayobadilika magneto inapochaji, na tofauti hiyo inaingia kwenye waya wa sauti unaounganisha redio na amplifaya, ikasikika kama mluzi. Zirudishe hasi zote mahali pamoja, na mahali bora ni kichwa cha hasi cha betri chenyewe. Pasipowezekana, tumia bolti moja, ukwangue rangi kwa msasa mpaka chuma kionekane, weka washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi juu yake ili kutu isiingie. Na kama rangi haikukwanguliwa, umeme utatafuta njia kupitia nyuzi za bolti, au kupitia kebo ya klachi, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu: kebo inapata moto na hakuna anayejua kwa nini.

Ukisikia mlio wa ta-ta-ta unaofuatana na mlipuko wa plagi, hasa kwenye idhaa za FM zilizo mbali, hiyo ni cheche ya plagi inayosafiri hewani kama redio nyingine. Angalia namba ya plagi. Kwa plagi za NGK, herufi R katikati ya namba inamaanisha kwamba ndani yake kuna kinzani cha kupunguza mawimbi hayo. Plagi isiyo na R, au kofia ya plagi isiyo na kinzani ndani, huacha kelele yote ipite. Peleka pia waya wa antena mbali na koili ya plagi.

Kelele ikiondoka mara tu unapochomoa chaja ya simu, sababu ni chaja. Kifaa hicho hukata umeme wa volti 12 maelfu ya mara kwa sekunde ili kupata volti 5, na zile za bei rahisi hazina kichujio. Badilisha chaja.

Betri inalala usiku

Redio za gari zinazofungwa kwenye pikipiki zina waya mbili za chanya, na rangi zake kwa kawaida ni moja: wa njano ni wa umeme wa kudumu unaotunza saa na idhaa, na mwekundu ni wa kuwashia, unaotakiwa kupata umeme funguo ikiwashwa tu. Mafundi wengi huunganisha waya hizi mbili pamoja na kuzipeleka kwenye betri ili mteja asikilize muziki kijiweni bila funguo. Redio hiyo haizimi kamwe. Kioo chake tu ndicho kinachozimwa.

Kupima mvujo, yaani umeme unaotoka kwenye betri hata funguo ikiwa imezimwa, zima kila kitu, fungua hasi ya betri, na uweke mita katika nafasi ya ampea kati ya kichwa cha hasi na waya uliotoka. Usiwashe funguo wala kugusa stata mita ikiwa hapo, maana fyuzi ya mita itakatika. Miliampea chache ni za kawaida. Miliampea 50 zinaonekana kitu kidogo, lakini kwa saa 24 zinafikia Ah (ampea-saa) 1.2, na betri ya pikipiki ya Ah 5 itakuwa imepoteza karibu robo ya chaji kwa siku moja ya kusimama. Chomoa fyuzi za vifaa moja baada ya nyingine. Ile inayoshusha kipimo imekuonyesha mvujaji. Ikiwa ni kifaa cha kufuatilia cha mkopeshaji, usikikate: peleka pikipiki kwa waliokifunga kifaa hicho wakikague, kwa kuwa kukata waya wake huonekana kama jaribio la wizi, na baadhi ya vifaa hivyo huzuia injini isiwake.

Kuna betri nyingine zinazolala ambazo hazina mvujo wowote. Zinalishwa kidogo kuliko zinavyotumiwa. Magneto ya pikipiki ndogo hutoa makumi ya wati, na sehemu kubwa ya hizo imeshatengwa kwa ajili ya taa na kuwasha plagi. Redio inayovuta wati 50 inatumia zaidi ya ampea 4. Taa mbili za ziada za wati 20 zinaongeza ampea 3 na zaidi. Dereva anayeshinda kwenye foleni bila kupiga resi anatumia kuliko anavyorudisha, na jioni stata haisukumi, anabaki na kiki. Hakuna fundi anayeweza kuitibu hali hiyo kwa waya. Punguza taa, au punguza sauti, au usisikilize muziki injini ikiwa imezimwa.

Kuhusu wati, nasema wazi kwamba maandishi ya kwenye boksi yanawapotosha watu. Redio ya gari isiyo na kibadilishio cha volti ndani yake, ikipewa volti 14.4 na spika ya omu 4, haiwezi kutoa zaidi ya takriban wati 25 safi kwa kila spika; ile 50 inayoandikwa ni kilele ambacho sauti yake tayari imepasuka. Ukitaka kujua redio inavuta kiasi gani, soma fyuzi iliyo mgongoni mwake. Fyuzi ya ampea 10 inamaanisha kwamba watengenezaji wenyewe hawatarajii ivute zaidi ya wati mia moja na arobaini hivi.

Spika hazina besi, au redio inapata moto na kuzima

Besi ikipotea spika zote mbili zikipigwa pamoja, lakini ikarudi ukichomoa moja, spika moja imegeuzwa chanya kwa hasi. Moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, iguse kwenye vichwa vya spika kwa nukta moja: koni ikiruka kwenda mbele, kichwa kilichogusa chanya ya betri ndicho chanya cha spika.

Redio inayopata moto na kuzima baada ya dakika kumi mara nyingi imebebeshwa spika mbili za omu 4 kwenye tundu moja kwa kuziunga sambamba, hivyo inaona omu 2 na kulazimika kutoa mkondo maradufu. Lakini kosa baya zaidi, ambalo nimezika nalo redio nyingi, ni kuchukua waya wa hasi wa spika na kuufunga kwenye fremu ili kuokoa waya. Katika redio za sasa waya zote mbili za spika hubeba umeme, kila mmoja ukiwa na takriban nusu ya volti za betri, na hakuna hata mmoja ulio hasi ya kweli. Waya hizo huja jozi jozi, mweupe na mweupe wenye mstari mweusi, wa kijivu na wa kijivu wenye mstari mweusi, na kila jozi iende kwenye spika yake bila kugusa chuma popote.

Indiketa zinapepesa haraka kupita kiasi baada ya kufungwa balbu za LED, na hilo halihitaji maelezo marefu: flasha ya kiwandani (kifaa kinachofanya indiketa zipepese) ilipimiwa balbu za wati 10 na sasa inaona kana kwamba balbu imeungua. Nunua flasha inayokubali LED.

Kila kitu kilikuwa sawa hadi pikipiki ilipooshwa

Hapa tafuta muungano ulioingia maji. Rangi za waya zitakusaidia kuanza, kwa mfano Honda hutumia kijani kwa hasi na Yamaha hutumia nyeusi, lakini katika chombo kilichopita mikononi mwa mafundi wanne rangi si ushahidi. Fuata waya kwa mkono hadi ufike kwenye muungano. Utakuta nyuzi zimesokotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi, gundi ya tepu imeyeyuka kwa joto la injini, na ukiifungua unakuta unga wa kijani umekula shaba mpaka nyuzi zinavunjika kama majani makavu. Mita inaweza kusoma volti 12 hapo bila mzigo, kwa sababu uzi mmoja unatosha kuonyesha volti, na redio ikiwashwa zote zinaanguka. Kwa hiyo pima daima redio ikiwa imewashwa.

Kata mpaka ufikie shaba nyekundu, lehemu kwa risasi au bana kwa koleo lake, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto uliovalishwa kabla ya kuunga. Panga maungio yakae chini ya siti, kamwe yasiwe ndani ya kasha la taa kubwa ambamo maji hukusanyika. Waya unaoingia kwenye redio uachwe ushuke chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili maji ya mvua yanayotambaa juu yake yadondoke pale kwenye kona ya chini na yasiingie ndani.